Mustang ya 1967 na Maji Yanayochemka kwa Digrii 94

Gari lilifika karakana kwangu Industrial Area likivutwa kwa kamba, jioni moja ya Februari, kutoka raundabauti ya Bunyala. Ni Ford Mustang ya 1967, milango miwili, buluu iliyokoza, usukani kushoto, na ndani ya boneti kuna V8, injini ya silinda nane, ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7 hivi, pamoja na giaboksi ya otomatiki aina ya C4. Mwenyewe ni mzee mstaafu anayelitoa Jumapili, na mara moja kwa mwaka hulipeleka Ngong Racecourse kwenye maonyesho ya magari ya kale ya Concours. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye jamu dakika ishirini tu. Maji yakachemka, yakajipenyeza chini ya kifuniko cha rejeta, na mvuke ukafuka hadi makanga wa matatu iliyokuwa kando akaanza kumpigia kelele kwamba gari linawaka.

Kabla kamba haijafunguliwa, Mzee alifungua buti akanionyesha sanduku. Ndani mlikuwa na rejeta mpya ya aluminiamu kutoka Marekani, inang'aa kama sufuria ya harusi.

"Fundi, dawa hii hapa. Wewe nifungie tu."

"Mzee, niachie siku tatu nipime kwanza. Rejeta haina miguu, haiendi popote."

"Umeniona nikivutwa kama mbuzi wa Krismasi, na bado unataka kupima?"

Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilionekana kwa futi ya kupimia: ile rejeta ilikuwa ya upana wa inchi 24, na paneli ya mbele ya gari lake imekatwa kiwandani kwa rejeta ya inchi 20. Kuifunga kungemaanisha kukata bati la mwaka 1967 lisilo na hata doa la kutu, na majaji wa Concours hawana kazi nyingine ila kuona bati kama hilo. Ya pili ni kwamba sikujua joto lilikuwa limekwama wapi. Injini inayochemka ina joto linaloshindwa kutoka, na linaweza kushindwa mahali pengi kabla halijafika kwenye rejeta.

Kwa hiyo nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mwenye gari linalochemka: linachemka likisimama au likikimbia? Gari linalochemka kwenye jamu lakini likipoa barabara ikifunguka, mara nyingi limekosa hewa. Feni haivuti vya kutosha. Linalovumilia jamu lakini linapanda joto kwenye mlima au mwendo wa kasi, mara nyingi limekosa maji, kwa maana kwamba maji hayazunguki inavyotakiwa au rejeta imeziba.

Mzee akajibu, "Kwenye jamu hasa. Mlimani pia, lakini si kama jamu."

Niliandika jamu. Ile nusu ya pili niliisikia, sikuiandika, na baadaye ilinila wiki nzima.

Sasa kabla ya kugusa spana, nieleze kitu ambacho vitabu vya magari haya havikielezi, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya Nairobi. Jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku maji kwenye sufuria wazi hayangoji digrii 100, yanachemka yakifika 94 hivi. Anayepika maharagwe analijua hilo hata kama hajawahi kushika kipimajoto. Themostati, kile kilango kinachofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata joto fulani, kwa injini kama hii huwa ya digrii 82 au 91. Ukiwa na ile ya 91, na kifuniko cha rejeta kisichoshika presha, umebakiwa na digrii tatu kati ya gari linalofanya kazi yake ya kawaida na gari linalomwaga maji barabarani.

Ndiyo maana kifuniko ni kitu kikubwa huku kuliko Mombasa. Cha kiwandani hushika presha ya pauni 13 kwa inchi ya mraba. Kikishika kweli, maji matupu hapa Nairobi hayachemki hadi karibu 115. Nilichukua cha Mzee nikakifunga kwenye pampu ya kupimia, kikaachia kwenye 4. Raba yake ilikuwa ngumu kama ukucha. Kwa presha hiyo maji yanachemka kwenye 102 hivi, na nilipofunga geji yenye nambari (ile ya dashibodi ina C na H tu, yaani baridi na moto, na mshale unaoyumbayumba kama mlevi) nikaacha injini iungurume uani boneti ikiwa imefungwa, maji yalianza kumwagika kwenye 102. Nilifurahi, lakini kwa furaha ya mtu aliyethibitisha hesabu, si ya mtu aliyetibu ugonjwa. Kifuniko kipya kilizuia kumwagika. Joto lenyewe liliendelea kupanda hadi 106, kimya kimya.

Hewa nayo ni nyepesi. Kwa mwinuko huu uzito wake umepungua kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na pwani, kwa hiyo feni ileile, kwa mzunguko uleule, inabeba joto pungufu kuliko ambavyo ingebeba kule ilikobuniwa. Gari la Marekani lililokuwa na akiba ndogo ya ubaridi huko kwao, likifika hapa akiba imeisha.

Themostati haikuwepo. Hii haikunishangaza. Sisi mafundi wa hapa tuna tabia ya kung'oa themostati kwenye kila gari la zamani tukisema ni kitu cha nchi za baridi. Kuna wanaojitetea vingine, na kuna wanaosema ukiing'oa maji yanapita haraka mno yasipate muda wa kupoa, jambo ambalo kwa maoni yangu ni hadithi. Maji yanayopita haraka hupoza vizuri. Tatizo la kuing'oa ni lingine: themostati huyabana maji kidogo njiani, na huko kubana kunaweka presha ndani ya bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, ambayo pampu peke yake haiwezi kuishika, hivyo viputo vya mvuke havijengeki kirahisi kando ya vyumba vya moto. Tena bila hiyo injini inakaa baridi asubuhi nzima, inakunywa petroli na kujisaga bure. Niliweka ya 82.

Baada ya hapo nikaangalia feni. Ni ya mapanga manne, imefungwa moja kwa moja kwenye pampu ya maji, na kati yake na rejeta hakuna kitu. Magari haya yaliyotoka kiwandani na eya-kondishena yalikuja na kava ya feni. Yasiyokuwa nayo, mengi yalitoka bila. Feni isiyo na kava huvuta hewa kupitia duara lililo mbele yake tu. Pembe nne za rejeta zimelala, na mbaya zaidi, hewa moto iliyokwisha kupita inajipinda kando na kurudi mbele kuvutwa tena. Nilichukua karatasi ya gazeti, nikaiweka mbele ya rejeta injini ikiunguruma. Katikati ilinata. Pembeni ilianguka chini kila nilipoachia.

Kijana wa Mzee, aliyekuja kuangalia, alipendekeza feni mbili za umeme. Angekuwa sawa kwa gari jingine. Hili lina alternata ya ampea 38, na feni mbili za nguvu zinaweza kumeza karibu zote, taa zikiwa bado hazijawashwa. Nikamwambia tutaishia kulisukuma gari lililo baridi.

Kava niliitengeneza. Nilikata boksi la maziwa kuwa ruwaza, nikaipeleka Kamukunji kwa fundi mmoja wa mabati ambaye kazi yake ya kila siku ni masanduku ya wanafunzi wa bweni. Aliiangalia, akaigeuza, akauliza, "Hii ni sanduku gani halina chini?" Nikamweleza. Hakuuliza tena. Alichora kwa msumari juu ya bati, akakata kwa mkasi, kisha akalaza ukingo juu ya kipande cha reli na kuupiga kwa nyundo ya mti, pigo dogo dogo, akizungusha bati kwa mkono wa kushoto bila kuliangalia, macho yake yako kwa mteja mwingine anayebishania bei ya mkokoteni. Duara lilitoka duara. Nilichomsisitizia ni vipimo viwili: nafasi ya kama inchi moja kati ya ncha ya panga na bati, na kina cha kutosha ili panga liingie nusu tu ndani ya kava, nusu libaki nje. Likizama lote linakoroga hewa badala ya kuisukuma nyuma. Alinitoza elfu mbili mia tano, na akaniambia nikitaka la kufungwa kufuli nirudi.

Kazi hiyo ya bati ndiyo iliyoleta badiliko kubwa kuliko zote kwenye jamu. Kutoka 106 tukashuka 98.

Nikageukia taimingi, yaani wakati cheche inapowaka, kwa sababu cheche inayochelewa hupeleka moto mwingi kwenye kuta za silinda na njia za ekzosi badala ya kusukuma pistoni, na watu wengi hubadilisha rejeta mara mbili bila kugusa distribyuta, kifaa kinachogawa cheche. Taa ya kupimia taimingi ilionyesha cheche ikiwaka digrii 1 ya mzunguko, si ya joto, kabla ya pistoni kufika juu. Injini hii hutakiwa kuwa 6. Na ule mpira mwembamba wa vakyumu unaoisogeza cheche mbele gari likiwa halina mzigo ulikuwa umezibwa kwa skrubu. Nani aliuziba na kwa nini, gari halisemi. Nikafungua, nikarekebisha, nikabadilisha pia mpira wa chini wa rejeta, kwa sababu ule uliokuwepo haukuwa na springi ndani na ulikuwa laini kiasi kwamba pampu ikivuta kwa kasi ungejibana wenyewe kama mrija wa soda uliobonyezwa.

Kuhusu maji nitasema upesi. Mfumo wote unachukua lita 14 hivi, na ulikuwa umejaa maji ya kisima yenye rangi ya chai. Niliusafisha mpaka yakatoka meupe, nikajaza theluthi moja kulanti na theluthi mbili maji safi ya betri, yale yasiyo asidi. Wanaojaza nusu kwa nusu wanafuata maandishi ya nchi zenye theluji. Kulanti hubeba joto vibaya kuliko maji, na Nairobi hatuna barafu ya kuogopa. Tunachohitaji humo ni dawa ya kuzuia kutu na kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka.

Ijumaa saa kumi na moja jioni tulilipeleka gari Uhuru Highway, kutoka Nyayo hadi Museum Hill, safari iliyotuchukua dakika hamsini. Geji haikupita 95. Mzee alipiga picha geji, akaituma kwa watu sijui wangapi. Mimi nikaanza kuandika bili.

Jumapili akanipigia simu kutoka barabara ya Mai Mahiu.

Wanaojua Kikuyu wanajua jina hilo maana yake ni maji moto, na Mzee, ambaye ni Mkikuyu, hakuona kichekesho. Alikuwa ameteremka bondeni na familia, na wakati wa kupanda kurudi geji ikafika 108 pale karibu na kale kakanisa kadogo kalikojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942. Akaegesha. Hakumwaga maji, kifuniko kilishika. Lakini aliniambia kitu kingine: injini ilikuwa inagonga kama mtu anayetikisa kokoto kwenye kopo.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile nusu ya jibu ambayo sikuiandika. Mlimani pia.

Nililokosa ni hili: nilidhani gari lina ugonjwa mmoja. Lilikuwa na mawili yanayofanana sura, na nilipoutibu wa hewa, wa maji ukabaki peke yake uwanjani.

Nikaishuku rejeta, kama mtu yeyote angeishuku. Niliipeleka Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanaiita Grogan, kwa fundi wa rejeta. Uzuri wa rejeta ya shaba ya zamani ni huo: unayeyusha risasi ya kulehemia, tangi la juu linatoka, na unaona mdomo wa kila mrija. Michache ilikuwa imeziba kwa matope ya kutu. Akaichokonoa kwa chuma bapa, akalehemu tena. Tulirudi mlimani, mara hii nikiendesha mwenyewe. 105. Digrii tatu kwa siku mbili za kazi. Mzee hakusema neno. Aliangalia tu lile sanduku lililokuwa juu ya kabati langu.

Pale pale kando ya barabara, injini ikiwa bado moto, nilitoa kile kipimajoto cha kulenga kwa mwanga. Sijui kwa nini nilikuwa nimekitumia kwenye mipira na rejeta tu, wiki mbili nzima. Nikalenga hedi, chuma kinachofunika silinda kwa juu, kando ya kila plagi. Ford huhesabu silinda za injini hii hivi: upande wa kulia ni 1 hadi 4 kutoka mbele kwenda nyuma, upande wa kushoto ni 5 hadi 8. Kulia, kwenye 1 nilipata 98, kwenye 4 nikapata 102. Kushoto, kwenye 5 nilipata 97. Kwenye 8 nikapata 124. Nikadhani nimelenga ekzosi. Nikarudia, nikarudia tena.

Sensa ya geji kwenye injini hii iko mbele, kwenye manifoldi, karibu na themostati. Inasoma maji yaliyokwisha kuchanganyika kutoka pande zote mbili. Haioni kabisa kinachotokea nyuma ya hedi ya kushoto.

Niliinama na tochi kwenye uso wa mbele wa injini, pale hedi inapokutana na bloku. Gasketi ya hedi, lile bamba jembamba la kuziba kati yake na bloku, kwenye injini hii ina kona ya mraba inayochungulia nje kidogo. Ikiwa imefungwa sawasawa, kona hiyo inaonekana mbele, chini, pande zote mbili. Kulia ilikuwepo. Kushoto hapakuwa na kitu. Nilienda nyuma, nikapapasa kwa kidole karibu na ukuta wa kabini, nikaikuta huko.

Gasketi ilikuwa imefungwa nyuma mbele.

Kosa hili lina historia ndefu kwenye injini hizi, na si la ujinga. Gasketi ni moja kwa pande zote mbili, na imeandikwa kwa Kiingereza neno la kuonyesha upande wa mbele. Ili ikae sawa pande zote, upande mmoja lazima igeuzwe kichwa chini, maandishi yakitazama bloku. Fundi mwangalifu anayetaka maandishi yasomeke juu pande zote mbili ndiye anayekosea. Na madhara yake hayaonekani siku hiyo. Kwa kawaida maji huingia bloku kwa mbele, hutembea mpaka nyuma, hupandia kwenye matundu makubwa ya nyuma ya gasketi, kisha hurudi mbele kupitia hedi yote hadi kwenye themostati. Gasketi ikigeuka, matundu makubwa yako mbele. Maji yanapanda hapohapo na kutoka hapohapo, na silinda za nyuma zinabaki na maji yaliyosimama. Kwenye jamu moto ni mdogo, zinavumilia. Mlimani, na mzigo, maji yale yanageuka mvuke, chuma kinapata joto kali, na petroli inaanza kulipuka yenyewe bila kungoja moto wa cheche uifikie. Zile ndizo kokoto kwenye kopo.

Mzee alikumbuka kwamba injini ilifunguliwa miaka minne nyuma, kwenye karakana nyingine, na tangu hapo halikuwahi kuwa gari lilelile. Sikumlaumu fundi yule kwa sauti. Kona ile ilikuwa inaonekana kwa tochi tangu siku gari lilipoletwa kwa kamba, na mimi nimeegemea boneti hiyo wiki mbili nikipanga kava ya feni.

Kufungua hedi ya kushoto kulituchukua siku moja. Uso wake niliupima kwa rula ya chuma na filagesi, vile vibati vya kupimia mwanya, na kwa bahati haukuwa umepinda. Kati ya silinda ya 7 na ya 8 gasketi ilikuwa imeanza kuungua, nyeusi kama mkate uliosahauliwa. Mpya iliwekwa nikimwita kijana wangu wa karakana aje aseme mwenyewe mbele ni wapi, kisha boliti zikakazwa kwa mpangilio, hatua tatu, mpaka kati ya pauni-futi 65 na 72.

Mlimani, Jumamosi iliyofuata, watu wanne ndani na mzigo wa viazi na kabichi kutoka Mai Mahiu kwenye buti, geji ilikaa 92 mpaka Rironi. Kwenye silinda ya 8 kipimajoto kilisoma 101. Pale kanisani Mzee aliniambia nisimame, nikaogopa ameona kitu. Alitaka kununua mahindi ya kuchoma.

Rejeta ya aluminiamu bado iko juu ya kabati langu. Nilimshauri aiuze, kuna watu wengi mjini wenye magari makubwa ambao ingewafaa. Wiki iliyopita amenipigia akisema mkewe amekubali kupanda Mustang kila Jumapili, kwa sharti moja tu, kwamba iwekwe eya-kondishena. Kondensa itakaa mbele ya rejeta, itapasha hewa yote kabla haijafika, kompresa itaongeza mzigo, na ile akiba tuliyoipata kwa bati la Kamukunji itakwisha. Nikamwambia asiiuze kwanza.